Damu ya Mchana ya Walburga

S.L.P. 47,
Mbinga.
4 Juni, 1997.

Mpwa wangu mpendwa Devotha,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Praygod, na kwamba kikohozi cha mtoto kimepoa. Huku kahawa imeanza kuiva, na wanunuzi binafsi wameshafika na mizani zao. Mimi ni mzima. Mama yako mdogo Walburga haumwi, lakini yumo hatarini.

Jana Daktari Cuthbert, yule mtafiti wa usingizi wa vipofu uliyemwelekeza kwetu, alileta majibu. Alisema damu aliyomtoa Walburga mchana ina melatonini nyingi, ile kemikali ambayo mwili hutengeneza usiku mtu apate kulala. Macho yake hayaoni hata mwanga, kwa hiyo mwili wake haujui jua liko wapi. Majuma mengine hulala mchana, usiku akatwanga mahindi. Ndivyo ulivyokisia.

Tangu mtoto wa jirani yetu Kunigunda afe kwa malaria, watu wanasema mtwangaji wa usiku ndiye aliyemla. Wanataka Walburga anyolewe na mganga wa kunyoa wachawi. Aliyenyolewa hapa haombi tena moto kwa jirani, wala hasalimiwi kisimani. Vitalia alinyolewa mwaka juzi. Tulimtoa mtoni akiwa maiti.

Daktari aliwaeleza wanakijiji vizuri, mpaka alipotamka, "Mchana, damu yake ni kama yenu ya usiku."

Mwenyekiti Placidi akapiga makofi. "Ahsante, Daktari. Sisi tulikuwa tunashuku tu, wewe umepima!"

Watu wakacheka. Kunigunda hakucheka. Aliniuliza, "Kaka Kilian, hivyo hata damu yake hutembea usiku?" Nilimweleza tena. Alisikiliza, akajifunika kanga, akaondoka.

Walburga alitaka kujua wamesemaje, nikamwambia yote. Akajibu, "Niondolee kinu, kaka. Nikikosa cha kutwanga nitakaa kimya."

Kumtorosha siwezi, sungusungu wanakaa mlangoni kwake.

Limebaki jambo moja. Katekista Victor wa Kigonsera naye ni kipofu kabisa, na juma hili anasinzia akifundisha dini. Hakuna atakayethubutu kumwita mchawi. Amekubali kutolewa damu mchana, ilinganishwe na ya Walburga. "Kama ni uchawi," alisema, "basi watoto wao wote wamefundishwa komunyo na mchawi."

Damu yake ataileta Swalehe mwenye duka, anayekuja Dar es Salaam kufuata bidhaa. Ataiweka kwenye boksi la barafu la wauza samaki wa Lipingo. Nakuomba, mpwa wangu, maabara yenu iipime kabla ya nyingine zote. Kama wakubwa wako watakataa, wapigie magoti. Mimi ningewapigia.

Bibi yako Ottilia anakusalimu. Hali chakula vizuri siku hizi. Msalimie Praygod, umbusu mtoto. Mungu akulinde, na mikono yako isitetemeke kazini.

Kuanzia Jumatano ijayo nitakuwa posta ya Mbinga kila asubuhi nikingoja simu yako. Mganga anafika Jumamosi, tarehe 14.

Mjomba wako akupendaye,
Kilian