Mguu wa Wafula Kwenye Kompyuta

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Eldoret, ambako baridi imenifanya nivae sweta mbili. Mimi mzima. Wewe je, mgongo umetulia? Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unauliza kama nimekula, ukisikia nimekula unakata.

Ni kuhusu Wafula. Nasikia mdogo wangu amekutumia video anamoonekana akikimbia, akakwambia wanasayansi wamempima wakaona yuko sawa. Mama, hiyo ni katuni. Niliichora mimi, kwa tangazo la kambi yao ya riadha huko Kaptagat. Mguu niliuweka nilipotaka. Ningetaka aruke nyumba, angeruka.

Kazi yangu hasa hapa maabara ni nyingine. Tunapima uzito wa mkimbiaji na nguvu anayokanyagia, tunaipa kompyuta, kisha tunauacha mguu uende jinsi uzito unavyoupeleka, sio ninavyopenda mimi. Hapo zinatoka hesabu nyingi ambazo hakuna jicho la kuzisoma, kwa hiyo tunazipaka rangi: buluu mahali mfupa umetulia, nyekundu mahali umeelemewa. Kwa asiyejua, zote ni video tu, na Wafula alitegemea hilo.

Wiki jana nilimpima yeye. Mfupa wa muundi wa mguu wake wa kushoto ni mwekundu kuanzia katikati. Kompyuta haiwezi kuapa kwamba una ufa. Hilo ni la eksirei, na amekataa kwenda kwa sababu mchujo wa timu uko mwisho wa mwezi. Kama ufa upo, mfupa unaweza kuvunjika akiwa mbioni. Naogopa, Mama.

Nilipomwonyesha aliangalia mlangoni kwanza. Kisha akauliza, "Kuna mwingine ameona hii?"

"Bado."

"Basi mathe asiione. Tafadhali, siz." Mathe ndiye wewe.

Hamsikii kocha, na mimi ndiyo kabisa. Lakini wewe ukisema kaa, Wafula hukaa hata kama amevimba mashavu. Mwambie aende hospitali kwanza, mbio baadaye.

Msalimie Baba, na shangazi anayekusaidia kuchuma chai. Barua hii nimempa binamu Simiyu akuletee mkononi, isipitie kwa mtu mwingine.

Ile picha nyekundu nimeichapisha, iko ndani ya bahasha. Itazame, halafu umpigie Wafula.

Mwanao,
Naliaka