Kigari cha Kilo Sita

Jumatatu, 5 Februari

Mama kaunguza uji tena. Nimekula chapati ya jana nikiwa nimesimama. Mama kamfunga Ayubu mgongoni kabla sijamaliza kuvaa viatu, kama kila asubuhi tangu aje kutoka Ilagala kunilelea mtoto nirudi kufundisha. Ayubu ana mwaka na miezi minne, mzito kama furushi la mihogo mibichi. Mama alipoinuka alishika fremu ya mlango. Alidhani sijaona. Nimeona.

Nataka kigari cha mtoto. Chepesi. Amsukume badala ya kumbeba. Nimemwambia jioni, kanicheka. "Anayesukumwa ni mgonjwa. Mtoto anabebwa." Mkaidi huyo! Najua nimerithi kwake.

Jumatano, 7 Februari

Baada ya vipindi nimepita sokoni hapa Ujiji, kwa mama anayeuza mitumba ya watoto. Ana vigari vitatu. Cha kwanza kikubwa, magurudumu manene, breki mbili zinazokamata kwelikweli. Kukinyanyua tu, jasho. Na mbele ya nyumba yetu kuna mtaro, kigari lazima kinyanyuliwe kuuvuka, na wa kukinyanyua ni Mama. Cha pili kina vigurudumu vya kuchezea, vitazama mchangani. Cha tatu kinakunjwa kama mwavuli. Nimekibeba kwa mkono mmoja. Muuza dagaa wa jirani akakitundika kwenye mizani yake ya ndoano, akaniuliza anipimie na vichwa au bila vichwa. Kilo sita kasoro kidogo. Nimecheka, mara ya kwanza wiki hii.

Ila breki yake inashika gurudumu moja tu. Sijanunua.

Alhamisi, 8 Februari

Mama kashinda anamwita mtoto Yohana. Yohana ni kaka yangu, yuko Mpanda, ana mvi. Bibi gani hachanganyi majina? Sijali.

Chai ina chumvi. Hilo najali kidogo.

Jumamosi, 10 Februari

Jirani yangu, Mama Shukuru, kanisimamisha bombani. Eti jana adhuhuri alimwona Mama akishuka ziwani na mtoto mgongoni. Nilishamkataza ziwani! Maji yamepanda, yamekula nusu ya mwalo, wavuvi wenyewe wamehamisha mitumbwi.

Nimemuuliza Mama. Kakana. Kaapa kwa jina la Mungu. Kanga yake ya jana bado iko kwenye ndoo, pindo limejaa mchanga.

Mama yangu si mwongo. Uongo ndilo kosa pekee alilonichapia utotoni. Sasa hicho ndicho kinachonitisha. Angekuwa mwongo ningelala.

Jumapili, 11 Februari

Mume wangu kapiga simu kutoka Kasulu anakofanyia kazi. Ni uzee tu, kasema. Ninunue hicho kigari chepesi, yaishe. Nimemwambia yeye aje akae na huo uzee. Nimemkatia simu. Sijutii.

Baada ya ibada nimerudi sokoni na mfuko wa unga wa kilo kumi, ndio uzito wa Ayubu. Nimeuketisha kwenye kigari chepesi, nikaufunga mkanda, nikakanyaga breki, nikakiacha kwenye mteremko. Kikatulia. Nikaanza kupumua. Halafu kikajizungusha taratibu, kikageuza uso kuelekea chini, kikaondoka. Muuzaji kakidaka.

"Jamani mwalimu, kwani mtoto utamwacha mteremkoni peke yake?"

Mimi, hapana. Mama je?

Kizito hakiendi popote. Lakini Mama hawezi kukivusha mtaroni, atakiacha ndani, atarudi kwenye mbeleko. Na nikifikiria vizuri, mbeleko angalau inamfunga mtoto kwake. Hawezi kumwacha mahali. Nimeamua: mbeleko iendelee kwanza, kigari baadaye. Nimerudi nyumbani na unga wangu, nikijiona nina akili.

Jumanne, 13 Februari

Sitaki kuandika haya. Naandika hivyo hivyo.

Nimefika nyumbani saa tisa. Mama yuko jikoni, kaketi kwenye kigoda, anamenya mihogo. Mbeleko kaifunga, fundo kifuani limekaza. Anajitikisa taratibu, anabembeleza kwa Kiha. Nikazunguka nyuma yake nimbusu mwanangu.

Mbeleko tupu.

Nikamuuliza Ayubu yuko wapi. "Shsh," kasema. "Amelala."

Sikumbuki nilivyotoka. Njiani watu wanne waliniambia wamemwona Mama akipita na mtoto. Wote waliona mbeleko. Nani humchungulia bibi wa watu mgongoni? Anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba, anapita zake. Nimekimbia hadi ziwani, kiatu kimoja nimekiacha sijui wapi. Nilikuwa napiga kelele, wameniambia. Mimi sikujisikia.

Ayubu alikuwa mwaloni, kwenye chanja za dagaa. Kaketi ndani ya beseni, dagaa mkononi, dagaa mdomoni. Mama mmoja anayeanika alimkuta peke yake mchangani, akamweka humo asitambae. Alidhani mwenye mtoto kaenda kujisaidia. Akangoja. Akangoja tangu adhuhuri. Nilimwomba anionyeshe alipomkuta. Kutoka pale hadi majini ni hatua tatu. Nimezipiga mwenyewe, sijui kwa nini. Kisha nikatapika miguuni pa yule mama badala ya kumshukuru.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilijua. Tangu uji wa kwanza kuungua nilijua, nikajitia hamnazo kwa sababu nilitaka kwenda kazini. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 14 Februari

Nimeomba ruhusa shuleni. Mama hakumbuki chochote. Ananiuliza kwa nini nimemnyima mtoto, kanikosea nini. Kafunga mbeleko, anazunguka vyumba anamtafuta, na Ayubu yuko mgongoni kwangu, anamwona. Nimefunga mlango wa mbele kwa kufuli. Nimemfungia mama yangu mzazi ndani. Sijawahi kujichukia hivi.

Ijumaa, 16 Februari

Hospitali. Daktari kamuuliza mwezi huu ni wa ngapi. Kasema wa kuvuna mahindi. Kamuuliza ana watoto wangapi. Wawili, kasema, mmoja bado ananyonya. Daktari kaniita pembeni. Ni ugonjwa wa kusahau, hauponi, utazidi. Asiachiwe mtoto wala moto, na yeye mwenyewe asiachwe peke yake. Wifi yangu atakuja Jumatatu.

Jioni Mama akawa mzima kabisa. Dakika kumi hivi. Kaja kuketi kitandani kwangu.

"Nilimwacha wapi?"

Nikamwambia. Sikupunguza kitu, hapendi kupunguziwa. Akafungua fundo, akaikunja mbeleko mara nne, akaniwekea mapajani.

"Usinipe tena, mwanangu. Nitalia. Hata nikilia, usinipe."

Nikalia mimi kwanza.

Jumamosi, 17 Februari

Mama kalia kweli, tangu alfajiri. Mikono inatafuta mtu wa kubeba. Nimevumilia hadi saa nne, nikashindwa, nikatoka nao wote wawili kwenda sokoni. Kigari chepesi kilikuwa bado kipo. Mama kakishika mpini, mikono ikatulia palepale. Muuzaji akaanza kunikumbusha ile breki, nikamwambia asijisumbue. Nimelipa.

Tumerudi polepole. Ayubu mgongoni kwangu, Mama mbele yangu na kigari. Anakwepa mawe. Mtaroni kakinyanyua mwenyewe, kakataa kusaidiwa, kakishusha upande wa pili kwa uangalifu kuliko ninavyoshusha mayai.

Mama Shukuru alikuwa anafagia uwanja wake. Kaja, kampa Mama shikamoo yake, kainama kumchungulia mtoto. Kaona kiti kitupu. Kanitazama mimi, kamtazama Ayubu mgongoni kwangu. Akabaki ameinama kidogo.

"Kalala vizuri, Bibi," kasema.

"Basi msimwamshe," Mama kajibu, na tukaingia ndani.