Ukurasa wa Pili wa Barua ya Bahati Nasibu

Kibanda cha Viatu,
Mkabala na lango la uwanja,
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za goti lako? Mara ya mwisho uliniambia daktari amekuandikia vidonge vya njano, nami tangu siku hiyo nataka kukuuliza kama vimekusaidia wewe au vimemsaidia mwenye duka la dawa. Wakikupa vya rangi nyingine, usimeze kabla hujauliza. Binti yako na mumewe hawajambo? Na yule mjukuu wa kukohoa usiku kucha, kifua kimepona?

Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Watoto wetu wako salama huko walikohamia na hupiga simu wakikumbuka. Mama watoto hajambo kabisa. Salamu zake nakutumia mimi mwenyewe, maana hajui kama nakuandikia.

Utashangaa kuona kalamu wakati simu ninayo. Huku mtaani kwetu simu moja husikilizwa na watu wanne, hata waliolala. Barua hii ataileta dereva wa lori la saruji, mkwe wa jirani yangu, anayeondoka Ijumaa na kufika kwenu Jumatatu. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya viatu. Ukiikuta imeachia pembeni, nijulishe.

Nataka kukueleza habari za uwanja wako wa netiboli. Nasema wako kwa sababu hakuna aliyeupigania kama wewe. Ringi za goli bado zimesimama, lakini zege limepasuka toka goli hadi goli. Mwaka jana muuza mboga aliingiza mguu kwenye ufa akavunjika kifundo, na mwezi wa tatu mama watoto aliteguka bega pale pale. Hata hivyo wanacheza, Jumatatu na Jumatano jioni, na Jumamosi asubuhi. Mke wangu ndiye mlinzi wa goli. Nikwambie ukweli, tangu watoto waondoke nyumba imekuwa kubwa na kimya, na siku hizo tatu ndizo anazorudi akicheka. Uwanja ule ukifungwa sijui nitaishi na nani.

Mwezi wa tano Koki alituletea habari za Mfuko wa Bahati Nasibu, ule unaochukua sehemu ya hela za tiketi na kuzigawa kwenye michezo ya mitaani. Koki unamkumbuka, fundi bomba, tuliyekua naye uani kwako tukigombania ndoo. Wakati huo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa uwanja na mpuliza filimbi. Wanawake walishangilia. Mimi nilikunja uso. Nimenunua tiketi kila Ijumaa miaka kumi na moja na sijashinda hata mche wa sabuni, leo watu wale wale wanataka kunijengea uwanja? Na kama ni hela zangu zinarudi nyumbani, mbona zinarudi na fomu ya kurasa kumi na nne?

Fomu yenyewe iliuliza mambo ya ajabu. Wachezaji wangapi wamepita miaka hamsini, wangapi wana maradhi ya moyo, wangapi wanajisikia vizuri baada ya mchezo. Nikamuuliza Koki, mgawa hela anataka umri wa mke wangu wa nini? Akasema, "Bwana wewe, hata ukiletewa maji kitandani utauliza bomba limepita kwa nani." Wakacheka wote, mke wangu akiwa wa kwanza. Jambo lile niliweka moyoni.

Sasa Shangazi, tafuta pa kukaa.

Mwezi wa saba, Jumanne moja mchana, alikuja kibandani mwanamume mwenye kiatu kilichoachia soli. Hana kitambulisho shingoni, hana gari, ana kibegi cha bega tu. Akakaa kwenye stuli yangu na soksi mguu mmoja, akaanza kuuliza. Uwanja ule ni wa nani? Hucheza watu wangapi? Siku zipi? Mbona leo hakuna mtu? Unakumbuka nilivyokusimulia habari za kiwanja cha wazi nyuma ya kiwanda cha barafu. Dalali alikuja na maswali hayo hayo, na mwezi haukuisha ukuta ulikuwa umesimama na mbwa wawili ndani. Nikajiambia, huyu hanipati.

Nikamwambia pale hapachezwi, ni mahame miaka mingi. Akatazama vizibao vya timu vilivyoanikwa kwenye ringi, nikamwambia ni nguo za wapishi wa hoteli. Akauliza kama anaweza kuingia ndani aone, nikamwambia aingie tu, ila pana nyoka. Wala sikuishia hapo, nilimwonyesha kwa mkono jinsi nyoka mwenyewe alivyo mnene. Akaandika kidogo kwenye kidaftari, akavaa kiatu, akalipa bila kuomba apunguziwe, akanishukuru sana. Kule kulipa bila kubishana ndiko kulikonithibitishia kwamba ni tapeli. Nilirudi kazini kifua mbele. Sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu mtu wa namna ile akijua ameshtukiwa huzunguka mlango wa nyuma.

Wiki tatu zilizopita Koki aliita kikao katika chumba cha kubadilishia nguo, kile kisicho na mlango. Alikuwa na barua ya Mfuko. Akaisoma haraka haraka, macho hayainui: maombi yetu yamekataliwa. Muuza mboga alilia waziwazi. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni kwa Koki, na jicho langu unalijua. Chini ya karatasi palikuwa pameandikwa ukurasa wa 1 kati ya 2.

Nikasimama. Nikauliza ukurasa wa pili uko wapi. Koki akasema umepotea. Nikamuuliza umepoteaje, bahasha ina tundu? Akakunja karatasi yake, akasema kikao kimekwisha.

Hapo ndipo nilipojiachia. Nilikumbuka geti lake limepakwa rangi mpya. Nilikumbuka baiskeli aliyomnunulia mkewe. Nikaona wazi kwamba hela zilikubaliwa, zikaja, naye akazila, na ukurasa wa pili ndio uliotaja kiasi. Nilimwambia hivyo kila aliyeniletea kiatu, na wiki ile viatu vililetwa vingi kuliko kawaida. Na chumvi niliongeza kidogo kila siku, sikatai.

Watu waliniamini upesi mno. Fundi cherehani bomba lake lilivuja siku tisa, akakinga beseni, lakini Koki hakumwita. Mama watoto ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Alivuka barabara mara mbili ili asimpe salamu, mtu aliyekuwa mshenga wetu! Koki akajiuzulu uenyekiti kwa karatasi ya mistari miwili na kurudisha filimbi. Sasa wanacheza bila mwamuzi na kugombana kila mpira. Jumatatu iliyopita walikuja watano tu.

Juzi, saa nne asubuhi, mke wa Koki alileta buti za kazi za mumewe nizibadilishe soli. Aliziweka juu ya meza bila kunitazama. Nikaanza kung'oa soli ya ndani ya mguu wa kushoto, kisu kikagusa karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne na imelowa jasho. Nilijua ni nini kabla sijaifungua. Shangazi, nilifurahi! Niliteremsha pazia la kibanda, nikafuta mikono, nikajiona nimesimama mbele ya kikao chote nikiinua ile karatasi juu.

Nikaisoma. Iliandikwa kwamba mkaguzi wa Mfuko alifika bila taarifa, kama ulivyo utaratibu wao, mchana wa Jumanne, na kwamba fundi viatu mwenye kibanda mkabala na lango alimweleza kuwa uwanja hautumiki, kwamba nguo zilizoanikwa ni za hoteli, na kwamba ndani pana nyoka. Nyoka waliandika na unene wake. Chini wakasema rufaa itapokelewa ndani ya siku thelathini, ikiambatana na maelezo ya huyo fundi viatu mwenyewe kwamba alisema uongo, yakisomwa na kusainiwa mbele ya wanachama.

Nilikaa kwenye stuli ile ile aliyokalia mkaguzi.

Alasiri nilizipeleka buti mwenyewe. Nilimkuta Koki amejikalia uani kwake peke yake, saa za kazi, vifaa vyake vimepangwa pembeni na havina vumbi la kazi wala tone la maji. Aliniangalia usoni akajua. Akaniuliza, "Umesoma?" Nikasema nimesoma. Akasema, "Basi irudishe chini ya soli, yaishe. Mimi nikisemwa huku, mabomba yapo hata mitaa mingine. Wewe ukisemwa, nani atakuletea kiatu? Na mkeo je, utamtazama kwa jicho gani?"

Nilimtazama sana nikitafuta anachokitaka. Najua utasema hata hapo sikuacha tabia yangu, na kweli sikuacha. Nilidhani ataniomba kitu, au anaiweka karatasi ile aje kunifunga nayo siku moja. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu na yeye hakunyoosha hata kidole kuidai. Aliniuliza tu kama buti zitahimili maji. Nikaziweka miguuni pake, nikatoka.

Mitaa mingine anayoitaja nimeiulizia. Hakuna aliyemwita huko pia, maneno yangu yalitangulia.

Maelezo nimeshayaandika, ukurasa mmoja, mwandiko wa wazi, nikaeleza pia kwamba Koki hakula hata senti na alinifichia aibu yangu kwa gharama ya jina lake. Wanachama wanakutana Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Siku ya mwisho ya rufaa ni Ijumaa inayofuata, kwa hiyo hakuna kikao kingine. Nimejaribu kuyasoma kwa sauti hapa kibandani, pazia chini. Nakwenda vizuri mpaka nifike kwenye nyoka, kisha narudi mwanzo. Namwona mama watoto amekaa mstari wa mbele na bega lake lililoteguka.

Naona aibu, Shangazi. Tena aibu nene. Umri wangu huu nimemchafua rafiki yangu wa utotoni, nimewanyima wanawake wale sakafu ya kuchezea, na yote niliyafanya nikijiona mlinzi wao.

Nisalimie binti yako, umwambie viatu vyake vya ngozi nimevitengeneza, vinamngoja. Nisalimie mkweo, pamoja na kwamba bado sijaelewa kazi anayofanya ni kazi gani. Mbusu mjukuu. Bibi mzaa mama anakutumia salamu nyingi na anaomba umtumie picha yako ya karibuni, ile ya ukutani anasema si wewe.

Nina ombi moja. Najijua. Jumamosi nitaamka na tumbo, au na mteja wa haraka, au nitamshuku mtu mmoja kikaoni na kuona heri ninyamaze kwanza nimchunguze. Wewe barua hii utaipata Jumatatu, mambo yamekwisha, kwa heri au kwa shari. Namba ya Koki nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie umuulize kama nilisimama nikasoma mpaka mwisho. Usiniulize mimi.

Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na ya moyo, na akuweke tuonane.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye tangu uani kwako,

Fundi viatu.