Swali la Darasa la Sita

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 41.
9 Juni.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi wazima. Mama siku hizi anatembea bila mkongojo, ila miwani anaisaka kutwa nzima huku ameivaa.

Nina habari ya darasani. Wanafunzi wangu wa darasa la sita ni hamsini na wawili, na nikianza tu sayansi wanapiga miayo kwa zamu. Mwezi uliopita karani wa shule akanionyesha programu ya bure ya kutengeneza slaidi zenye picha, video na sauti. Nilihangaika nayo wiki nzima; nikivuta picha kulia, maandishi yanakimbilia kushoto.

Somo lilikuwa kuganda kwa maji. Nikachukua ile video uliyonitumia, umesimama juu ya ziwa lililoganda, unasema, "Mdogo wangu, sikia linavyolia barafu ikipata nyufa." Nikaazima projekta kwa mwalimu mkuu, nikatundika shuka ukutani.

Darasa likatulia tuli. Wakataka irudiwe mara nne. Wakauliza barafu inambebaje mtu, na samaki wanaishije chini yake. Mimi kila ulipotamka "mdogo wangu" niligeukia ubao, nikajifanya nafuta chaki.

Kuna binti tunamwita Kimya. Tangu mama yake aende ng'ambo kutafuta kazi, hajawahi kunyoosha mkono. Siku hiyo aliunyoosha.

"Mwalimu, huyo anarudi lini?"

Nikamwambia kweli kwamba sijui. Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akakaa. Kipindi kilipokwisha alibaki nyuma, akaomba nimfundishe kutengeneza slaidi. Anataka mama yake amwone kitindamimba aliyemwacha mchanga, ambaye sasa ameanza kuota meno. Tumefika slaidi ya saba. Sauti anaiweka mwenyewe, na sasa anaongea hadi mimi ndiye ninayeomba kupumzika.

Mama, Shangazi na Mjomba fundi saa wanakusalimu sana. Nisalimie Shemeji. Mungu akushike mkono kila utokapo na kila uingiapo.

Dada, huu mwaka wa sita tangu uondoke. Najua kibali cha ukaazi kinasumbua, sikulaumu. Ila swali lile nimeliogopa miaka yote hii, na mtoto amelitoa kwa pumzi moja. Basi na mimi nauliza: unarudi lini?

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja,

Mdogo wako.