Mistari ya Mama Mdogo

Chumba cha nyuma,
Duka la dawa, tawi kuu.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Profesa,

U hali gani huko uliko? Kifua je, baridi imekiachia? Mkeo na mwanao hawajambo? Sisi wazima, ukiacha goti langu linalonisumbua kila nikipanda ngazi za stoo. Nakusalimu kwa mapenzi yote, ila leo nina kidonge chako, na nakuomba ukimeze bila kukunja uso.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema Bwana Utabiri ameacha kazi, kwa hiyo tuajiri mtaalamu mwingine wa data, na safari hii unaniachia mimi nichague. Ahsante kwa heshima hiyo. Mwaka jana ulipotuletea huyo mwanasayansi wako wa data hukuniuliza kitu, ulinitumia picha ya vyeti vyake tu.

Mwenyewe alikuwa na adabu zake, sitamsingizia. Kazi yake ni kutazama yaliyopita akakisia yajayo: nani atarudi mwezi ujao kuchukua dawa ya presha, tawi gani litakua, lipi litakufa. Lakini unajua tunavyoandika hapa. Tawi kuu tuna kompyuta, tawi la sokoni wanachomeka karatasi kwenye msumari, na Mama Mdogo, kule tawi la mtaa wa washonaji, ana madaftari makubwa kama alivyofundishwa na marehemu mama. Bwana Utabiri alivichukua vyote, akavimwaga kwenye mashine yake, akaanza kutabiri. Tukamwona bingwa. Wauza dawa wetu wakawa wanamuuliza hata kama mvua itanyesha.

Alichotabiri unakikumbuka. Tawi la Mama Mdogo lina wateja sitini na wawili, wapya wanapungua kila mwaka, basi linakwisha. Ukaniandikia tulifunge, nami, Mungu anisamehe, nikatia saini siku ile ile. Mama Mdogo, aliyesimama nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na sita, aliisoma barua, akaomba dakika chache apanguse mizani, kisha akanipa funguo. Mimi ndiye niliyebaki nabwabwaja.

Baada ya hapo tawi kuu likajaa watu nisiowajua, kila mmoja anaulizia dawa ya nyumba: ya nyumba ya fundi saa, ya nyumba ya mapacha. Nikaingiwa na wasiwasi. Nikamwita kwa siku tatu dada mmoja wa kiwanda cha jirani, mhandisi wa data. Kazi ya mhandisi ni kama ya fundi bomba: anazileta kumbukumbu zote mahali pamoja, safi, zinazoelewana, kabla mwingine hajaanza kuzichota. Siku ya kwanza hata kompyuta hakuigusa. Aliuliza nani aliyeandika madaftari yale, akasema twende kwake.

Tulimkuta Mama Mdogo anakunja nguo. Yule dada akafungua daftari, akaweka kidole.

"Shikamoo mama. Samahani, mstari huu mmoja ni mtu mmoja?"

"Marahaba. Mtu mmoja wapi! Hiyo nyumba, mwanangu. Humo wamo tisa."

Nyumba, Profesa. Na nyumba ikishaandikwa haiandikwi tena, anaongeza alama tu pembeni kwa kila mtu mpya, ndiyo maana wapya walionekana wanapungua. Tulipohesabu tulipata watu mia nne na kumi na mmoja, wengi kuliko hawa wa tawi kuu. Nilikaa kwenye kitanda cha Mama Mdogo juu ya nguo zake alizokwisha kunja, nikalia kwa aibu.

Basi jibu lako hili hapa. Namwajiri mhandisi kwanza. Akimaliza, nitatafuta mchambuzi wa data, wa kutuambia nini kimetokea na nini kinatokea sasa: dawa ipi inaisha mapema, siku gani foleni inafika nje. Mtabiri hatumhitaji, labda baada ya miaka. Ulianza na wa mwisho kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kubwa, na wewe majina makubwa yanakulevya tangu utotoni.

Lakini usijifiche nyuma ya Bwana Utabiri. Yeye alikuwa mgeni. Mistari ya madaftari yale ilipigwa na nani? Si wewe, kila likizo, na rula ya mbao, umekaa juu ya katoni za dawa ya kikohozi? Mama Mdogo amenisimulia mama alivyokuwa akikuambia uache nafasi pana, nyumba ina watu wengi. Ulijua mstari ni nyumba kabla hujajua kusoma vizuri.

Tawi nitalifungua tena. Nimekwenda kumwomba Mama Mdogo arudi, amekataa. Jumamosi anahamia kwa binti yake, na mizigo ameshafunga. Alinipa swali moja tu nikuulize wewe: siku ile unaandika lifungwe, ulikuwa umesahau, au ulikumbuka ukanyamaza? Mpigie kabla ya Jumamosi. Usimtumie ujumbe, na usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, anakujua.

Mungu akupe afya, na akupe moyo wa kuishika hiyo simu. Msalimie wifi, na mwanao mwambie shangazi anamkumbuka. Wauza dawa wote wanakusalimu. Fundi saa naye anakusalimu, anasema saa yako ya shule bado iko kwake. Salamu za Mama Mdogo hazimo. Nilimuuliza mara mbili kama anazo.

Dada yako, ambaye bado anakupenda.