Nilinasa Kwenye Mlango wa Jiko la Meli

Shangazi Verna mpendwa, naomba unisaidie, na ukishamaliza kucheka unisaidie tena. Mimi ni Ismay wa hapa Gouyave, mji wetu mdogo wa pwani, bibi wa wajukuu watatu, mwenye makalio ambayo, kama utakavyosoma, ndiyo yaliyoniponza. Mume wangu Hollis alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, Lady Corinne, ambayo dhoruba iliizamisha hapo nje ya bandari ya St. George's, watu wote wakaokolewa, lakini Hollis ni kama alibaki chini, maana tangu siku ile hajagusa bahari wala sufuria, na mtu aliyekuwa akipika shelisheli la nazi huku anaimba mpaka majirani wanakuja na sahani zao, sasa anapakuliwa, anakula, ananyamaza, na nikimuuliza kilitokea nini anasema, “Ismay, acha.”

Mimi na kuacha wapi na wapi! Nikaenda kujifunza kuzamia, mimi ambaye baharini nilikuwa naishia magotini, nikajibana ndani ya lile vazi la mpira kama soseji iliyoshiba, na nyumbani nikaaga kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya.

Jumamosi nikaiona meli yenyewe, imelala ubavu, samaki wanaingia na kutoka kama wenye nyumba, na Kellon, mwongozaji wetu, alikuwa ameshatuonya kwamba ndani haingii mtu, ila nilipoliona jiko la mume wangu, akili ikaniruka, nikajipenyeza mlangoni, kichwa kikapita, mabega yakapita, mtungi wa hewa ukanasa juu na mimi nikanasa chini, nikapiga mateke, tope likatibuka nisione hata mkono wangu, nikahema hewa yangu yote kama ng'ombe anayepandishwa mlima, nikawaza, Ee Mungu, ndiyo nakufa kama kizibo! Kellon akanivuta kwa miguu. Kwenye boti akavua barakoa, akanigeukia.

“Bi Ismay, unataka kuniua kwa presha? Humo umefuata nini?”

“Jiko tu, mwanangu.”

“Jiko! Kwani kwako hakuna jiko?”

Boti nzima ikacheka, nami nikacheka, kisha nikalia. Sasa Hollis ameuona mchubuko kwenye nyonga, nimemwambia nilianguka kwenye ngazi za kanisa, naye maskini anataka kwenda kumgombeza mchungaji. Nimwambie ukweli, au niendelee na kwaya isiyokuwepo? Na aibu zaidi, natamani kurudi kule chini.

Ismay, Gouyave

Ismay, nimecheka mpaka wenzangu hapa gazetini wakachungulia mlangoni. Sasa nyamaza unisikilize.

Umemfuata mumeo chini ya bahari, na mumeo yuko sebuleni! Hebu fikiri kama Kellon angechelewa kidogo tu. Hollis angeletewa habari kwamba mkewe amefia katika jiko lile lile alimotoka yeye mzima. Hapo ungemzika mara ya pili, na wewe usingekuwepo kumpikia hata uji. Kisha unaniuliza habari za kwaya!

Lakini pole, mama. Najua ni upendo. Upendo wenye kichwa kigumu, ila ni upendo.

Mwambie leo, kabla hajamfikia mchungaji. Mwombe radhi kwa uongo, naye akifoka, mwache afoke, ana haki. Usimuulize tena kilichompata. Msimulie kilichokupata wewe: lile giza, lile tope, ulivyohema, ulivyodhani umekwisha. Muda wote huu amekaa na hofu ya jiko lile peke yake, kwa sababu hapo nyumbani hakuna mwingine aliyeijua. Sasa yupo.

Kellon kamwombe msamaha mbele ya wale wale waliocheka. Ukitaka kuzamia tena, zamia, lakini Hollis ajue, na meli uitazame kwa nje kama watu wenye akili.

Na siku Hollis atakapofungua mdomo, hata kama chungu kiko motoni na wajukuu wanalia njaa, kaa chini. Acha kiungue.

Shangazi Verna