Saa Moja Kabla ya Kusimama

Jumanne, 4 Machi

Clive mpenzi,

Leo Glenys amekuja na pikapu yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Val amebadilishiwa nyonga, hawezi kusimama, na timu ya akina mama wa hapa Kerrabin imebaki na wasemaji wawili. Mdahalo wa wilaya ni tarehe tano Aprili. Wanataka niwe msemaji wa tatu.

Nimekataa. Nikamkumbusha ya kanisani, Agosti. Nilisimama mbele ya watu wote na karatasi yangu, na sauti haikutoka. Ikabidi ndugu yako Ross aisome. Kurasa mbili nilizoandika juu yako, na hata neno moja halikutoka kinywani mwangu. Hilo bado linaniuma.

Glenys akapaka jemu kwenye skonzi ya pili. "Shoga, yale yalikuwa mazishi. Huku hakuna anayekufa, labda wasikilizaji kwa kuchoka."

Nikacheka. Na aliyecheka kishakubali. Dakika nne tu, kasema. Nataka nizimalize nikiwa nimesimama. Sitaki zaidi ya hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi ya kwanza, jikoni mwa ukumbi wa kanisa. Kanuni ni hii: mnapewa bahasha yenye mada, mnafungiwa chumbani saa moja. Simu hapana, kamusi tu. Saa ikiisha mnatoka kwenda kusema.

Thea wa posta ndiye msemaji wa pili. Akafungua bahasha: Krismasi ihamishiwe Julai, wakati wa baridi. Mada tamu. Sasa sikia tulivyoitumia saa yenyewe. Glenys kawasha lile birika kubwa la umeme, maana hapa kwetu kikao hakianzi bila chai — dakika kumi na mbili mpaka lichemke. Skonzi zikapashwa moto. Thea kasahau krimu, karudi kwenye gari. Tukanywa. Tukamzungumza Val na nyonga yake. Kisha wakabishana robo saa juu ya nyama ya nguruwe ya Krismasi, na wote wawili walikuwa upande mmoja.

Dakika ya hamsini na tano: Glenys ana kurasa nne, Thea mbili, mimi nimechora kikombe. Nilisimama, nikasema sekunde arobaini, nikakaa.

"Kikombe kizuri lakini," Thea kasema, akikigeuza huku na huku.

Tulicheka mpaka Glenys akashika meza. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Nimekuwaza nikianika nguo. Jioni kabla ya kuvuna ulikuwa unatandaza turubai uani na kupanga spana zako, ndogo mpaka kubwa. Nikikuita uje ule, unasema siku ya kuvuna si siku ya kutafuta spana.

Nimeandika mpango nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Dakika tano kila mtu aandike peke yake, kimya. Kumi tukubaliane hoja na nani aseme ipi. Ishirini za kuandika. Kumi na tano Thea ajifanye mpinzani anishambulie, kwa kuwa kazi ya msemaji wa tatu ni kujibu. Nne nijaribu kusema. Sita za mwisho, kalamu chini, tupumue.

Na chai inywewe kabla saa haijaanza. Hapo pana kazi.

Jumamosi, 22 Machi

Palikuwa na kazi kweli. Nilikwenda na chai iliyokwisha kupikwa, ndani ya themosi.

"Chai ya themosi ni ya wagonjwa," Glenys kasema.

"Basi ugua saa moja," Thea kamjibu, na kulichomoa birika ukutani.

Zile dakika tano za kimya zilimtesa Glenys. Alikaa kama kuku aliyefunikwa tenga. Lakini akatoka na hoja tatu fupi, safi, na kurasa nne hatukuziona tena. Kisha Thea akanivaa. Hana huruma, yule. "Nerida hajui anachokisema, anatikisa kichwa tu."

"Najua sana," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesahau krimu."

Si hoja, najua. Lakini niliisema kwa sauti. Nikaenda dakika mbili na sekunde kumi, halafu sauti ikakatika. Glenys hakuniambia pole. Alinimiminia chai ya themosi, akajimiminia na yeye. Akakiri si mbaya sana.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Milimita nne. Nimewahutubia kondoo dakika tatu. Mmoja alibaki mpaka mwisho.

Jumamosi, 5 Aprili

Warrabel, siku ya mdahalo. Tumeshafungiwa ndani — darasa la watoto wadogo, magoti ya Glenys yamefika kidevuni. Nakuandikia katika zile dakika sita za mwisho.

Mada: mbwa wa kazi asiingizwe ndani ya nyumba. Sisi tunaunga mkono.

Clive, kuna jambo sijakuambia. Tangu Agosti Tess analala jikoni, juu ya koti lako la zamani. Miaka thelathini na mmoja ulisema mbwa wa kondoo akizoea zulia hatoki asubuhi ya baridi, na kila kipupwe nilibishana nawe. Leo natakiwa nikusemee wewe.

Kwenye dakika tano za kimya kalamu yangu haikusimama. Kila watakachosema wapinzani nakijua, ni maneno yangu mwenyewe. Na kila jibu ni lako. Thea aliponivaa — "Huna moyo, bibi wee? Mbwa ana miaka kumi na miwili!" — nikamjibu kama ulivyokuwa ukinijibu, hata ile ya kwamba zulia halichungi kondoo.

Glenys aliacha kuandika. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Nyumbani."

Thea akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kwenye jaribio nilifika dakika tatu na nusu. Sauti ikaanza kukatika tena, na kwa kuwa tulichelewa kuanza, Thea akasema muda umekwisha. Kwa hiyo sijui kama nne ningezifikisha. Sijui.

Glenys sasa anataka tuongeze hoja moja tu, ndogo. Thea amemnyang'anya kalamu. "Kaa chini, mama. Mpango ni mpango." Glenys anatafuna skonzi kwa hasira na makombo yanamwagikia kamusi. Nami natabasamu, nahisi mashavu yakivutika.

Wanagonga mlango. Viti vinavutwa ukumbini, vingi. Glenys ameshasimama, anajikung'uta.

Mimi ni wa tatu. Nitakapoinuka, Clive, nikumbuke.